Kumlea Mjukuu: Zawadi ya Bibi na Deni Letu

Kila mwezi wa Desemba magari hupanda mlima kutoka Dar es Salaam, Arusha, Dodoma na Mwanza. Yanaelekea Marangu, Machame, Kibosho, Uru na Rombo. Watoto wa Kilimanjaro wanarudi nyumbani kula Krismasi. Wanateremsha mifuko ya mchele, madumu ya mafuta, sukari na vitenge vya wazazi. Makanisa hujaa hata wengine hukaa nje chini ya miti. Wiki ya kwanza ya Januari magari hayo hushuka tena, na mengine hushuka yakiwa na nafasi moja tupu. Aliyekaa hapo wakati wa kupanda ni mtoto wa mwaka mmoja au miwili. Sasa yuko mgongoni kwa bibi yake, amefungwa kwa kanga, analia akitazama barabara.

Tumeliona jambo hili mara nyingi hata tumelizoea. Mama anatakiwa kurudi kazini baada ya likizo ya uzazi ya siku 84. Dada wa kazi ameondoka bila kuaga. Kituo cha kulelea watoto mchana kinadai fedha nyingi kuliko kodi ya chumba. Ndipo tunasema, "Apelekwe kwa bibi." Tunalisema neno hilo kwa wepesi, maana wahenga walikwisha kutujua waliposema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Swali letu katika insha hii ni hili: je, ni haki mbele za Mungu kumwachia bibi au babu kazi ya kumlea mtoto tuliyemzaa sisi? Hatuulizi kama jambo hili linaturahisishia maisha, kwa sababu hilo halina ubishi. Tunauliza kama ni haki. Wala hatuulizi kama watu wanaotazama kwa mbali, kwa maana tumelifanya wenyewe.

Tulikuwa mume na mke vijana. Mmoja wetu alikuwa chuoni akisomea theolojia, mwingine alikuwa ameajiriwa katika mji mwingine. Mtoto wetu wa kwanza alipofikisha mwaka mmoja na miezi minne, tulimpandisha mlimani kwa bibi yake mzaa baba. Tulifika jioni. Tulimwamkia mama, tukanywa chai, kisha tukamwambia, "Mama, tumekuletea mjukuu." Alicheka, akanyoosha mikono, akampokea. Kicheko kile tulikichukua kuwa ndiyo jibu. Kesho yake asubuhi tukashuka.

Mtoto alikaa huko miaka minne. Tulituma fedha kila tulipozipata, na miezi ambayo hatukuzipata ilikuwa mingi. Kila Desemba tulikwenda na kitenge na sukari. Tulimkuta mtoto amenawiri, anajua kusali kabla ya kula, anajua nyimbo za Mwimbieni Bwana kwa namba zake kabla hajajua kusoma. Tulimshukuru Mungu, tukasema mbele za watu kwamba bibi ni baraka.

Alipokaribia umri wa kuanza shule tulikwenda kumchukua. Tulipokuwa tukitafuta kadi yake ya kliniki, mama alitutolea kopo la majani ya chai alimohifadhi karatasi zake. Ndani yake tulikuta kadi, risiti za zahanati, na kidaftari cha duka chenye madeni ya sukari, sabuni na mafuta ya taa, mengine yamelipwa, mengine bado. Hakuwa ametuambia hata moja. Jioni ile mwinjilisti wa mtaa alipita kutusalimu, naye akatuambia kwa upole kwamba mama hajafika jumuiya kwa muda mrefu. Jumuiya yao hukutana alfajiri. Hakuweza kumwacha mtoto amelala peke yake, wala kumbeba kwenye umande na baridi. Kwa hiyo, kwa miaka ile ambayo sisi tulikuwa tukijifunza kuchunga kondoo wa Bwana, kondoo mmoja alikuwa ametoka zizini kwa ajili yetu, na hatukujua.

Tulimchukua mtoto kesho yake. Mama alisimama barabarani hadi gari likapotea. Mtoto alimlilia usiku mwingi, akimwita "Mama", na mama yake mzazi alikuwa ameketi palepale kitandani. Huko mlimani, jirani alituambia baadaye, kigoda cha mtoto kilibaki pale pale karibu na mafiga kwa miezi mingi, na bibi hakutaka kiondolewe.

Miaka ilipita ndipo tukapata ujasiri wa kumwuliza kama tulimkosea. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Wanangu, mlimleta bila kuniuliza, mkamchukua bila kuniuliza. Mngeniuliza ningekubali. Lakini ningependa kuulizwa."

Maneno hayo ndiyo yaliyozaa insha hii.

Kwanza na tuseme wazi kwamba hatupingi bibi na babu kulea wajukuu. Maandiko yanawapa kazi. Katika Kumbukumbu la Torati 4:9 Israeli wanaagizwa kuyafundisha mambo waliyoyaona kwa wana wao na kwa wana wa wana wao. Katika 2 Timotheo 1:5 Paulo anaikumbuka imani iliyokaa kwanza ndani ya Loisi, bibi yake Timotheo. Wengi wetu tulioitwa katika utumishi, tukiulizwa ni nani aliyetufundisha Baba Yetu, hatutamtaja mchungaji. Tutamtaja bibi.

Hata nyumba ya Martin Luther, ambayo Walutheri wengi huitazama kama mfano wa nyumba ya mchungaji, haikuwa ya baba, mama na watoto peke yao. Pamoja na watoto sita waliozaliwa humo, kulikuwa na watoto wa ndugu waliolelewa pale Wittenberg. Kulikuwa pia na Magdalena, shangazi yake Katharina von Bora, mzee aliyewahi kuwa mtawa. Alisaidia kulea watoto wale hadi alipofariki mwaka 1537, naye Luther alikuwa kando ya kitanda chake akimfariji. Mwanamke huyo mzee hakuwa mtumishi wa nyumba. Alikaa nao, alikula nao, alitunzwa nao, na alikufa mikononi mwao. Hapo tunaanza kuona tofauti. Luther na Katharina waliishi na mzee wao. Sisi wengi humpelekea mzee mtoto, kisha tukaondoka.

Wako watakaotupinga. Watasema, "Mchungaji, hayo ya kuuliza ni mambo ya kigeni. Kwetu mtoto ni wa ukoo. Kumwuliza bibi kama atampokea mjukuu wake ni kumtukana, ni kumfanya mgeni katika damu yake." Hoja hii ina uzito, na hatuidharau. Ni kweli kwamba kwetu mtoto hakuwa wa watu wawili. Lakini tukumbuke ukoo ule ulivyokuwa. Bibi alipomshika mjukuu, mama wa mtoto alikuwa kwenye migomba hatua chache kutoka pale. Baba mdogo alikuwa ng'ambo ya mfereji. Shangazi alipita jioni na maziwa. Mama aliyejifungua alipikiwa mtori na wanawake wengi, si na mmoja. Mtoto alikuwa wa wote kwa sababu wote walikuwapo. Leo wote wameshuka mjini, na kihamba kimebaki na mzee mmoja mwenye magoti mabovu. Tukisema "mtoto ni wa ukoo" katika hali hiyo, tunatumia methali za wazee wetu kufunika jambo ambalo wazee wetu hawakulifanya. Ukoo wa mtu mmoja si ukoo. Ni bibi aliyeachwa na mtoto.

Tena zawadi ina desturi yake. Anayetoa zawadi ni yule aliyeweza pia kutotoa. Mtu akichukua ng'ombe wako zizini usiku, hawezi kesho kukushukuru mbele ya kanisa kwa ukarimu wako. Bibi asiyepewa nafasi ya kusema hapana, hata ndiyo yake hatujaisikia. Ndiyo maana kumwuliza si kumtukana. Ni kumkubali kuwa mtu mzima mwenye mwili wake, umri wake, usingizi wake na ibada yake.

Amri ya nne inatuagiza tuwaheshimu baba na mama. Sisi Walutheri tuliifundishwa tukiwa watoto wa kipaimara, na tulidhani inawahusu watoto. Luther katika Katekisimo Kubwa anaeleza kwamba heshima hiyo ni pamoja na kuwatunza wazazi wanapokuwa wazee, wagonjwa, wadhaifu au maskini. Basi amri hii huanza kuwa ngumu hasa pale tunapokuwa watu wazima. Mtoto wa miaka kumi anaheshimu kwa kutii. Mtu wa miaka thelathini anaheshimu kwa kutunza. Naye Paulo katika 1 Timotheo 5:4 anasema watoto na wajukuu wa mjane wajifunze kuwalipa wazazi wao. Katika hesabu ya Paulo, deni linatembea kutoka kwa vijana kwenda kwa wazee. Sisi tumeigeuza hesabu, tukamwongezea mdai wetu mzigo mwingine.

Lakini tulikuwa na sababu nzuri, tulijiambia. Tulikuwa tukijiandaa kwa kazi ya Mungu. Hapo ndipo Injili ya Marko, sura ya 7, ilipotuchoma. Bwana Yesu anawakemea watu waliosema kwamba mali ambayo ingewasaidia wazazi wao ni Korbani, yaani imekwisha kutolewa kwa Mungu. Hawakuwa wezi. Walikuwa watu wa dini. Walilitumia jina la Mungu kumnyima mzazi haki yake, na Bwana akasema kwamba kwa njia hiyo wanalitangua neno la Mungu. Kila mtu ana Korbani yake. Mwingine huiita kazi, mwingine masomo, mwingine kutafuta maisha. Sisi tuliiita wito.

Je, iko njia iliyo bora? Tunaiona katika Kitabu cha Ruthu. Katika sura ya 4 mtoto Obedi anazaliwa, na Naomi anamtwaa, anamweka kifuani pake, naye anakuwa mlezi wake. Ni picha nzuri ya bibi na mjukuu, ingawa kwa damu mtoto yule hakuwa wake. Lakini tusianze kusoma sura ya 4. Katika sura ya 2 Ruthu anaokota masazo shambani kutwa nzima, anapura, na jioni anamletea mkwewe kiasi cha efa ya shayiri. Chakula kiliingia katika nyumba ya Naomi kwanza. Mtoto alikuja baadaye. Na mtoto alipokuja, Ruthu hakuondoka Bethlehemu. Tena wanawake wa mji walimwambia Naomi kwamba mtoto huyo atamtunza katika uzee wake. Wao hawakuona kwamba mzee amepata kazi. Waliona kwamba mzee amepata msaada.

Kutoka hapo tunajifunza mambo matatu ambayo mzazi anayemwomba bibi msaada wa kulea anadaiwa.

La kwanza ni kuuliza, na kuuliza kabla ya kufunga mizigo ya mtoto. Tuulize kwa muda gani, tuulize afya yake, tuulize ni nani atamsaidia akiugua. Tuulize pia siku ya kumchukua mtoto, kwa maana moyo wa mzee si stoo ya kuhifadhi vitu na kuvitoa.

La pili ni kupeleka shayiri kwanza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataja chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu kuwa haki ya mtoto kutoka kwa wazazi au walezi wake. Mzazi aliye hai na mwenye mshahara, hata mdogo, asimwachie bibi madeni ya dukani. Kitenge cha Krismasi hakilipi deni la mwaka mzima. Mara nyingi bibi hatasema. Ukimya wake tusiuchukue kuwa risiti.

La tatu ni kubaki mzazi. Turudi kwa Loisi. Tunapomhubiri huwa tunaruka kutoka kwake hadi kwa Timotheo, lakini Paulo haruki. Anamtaja Loisi, kisha Eunike mama yake Timotheo, ndipo Timotheo. Imani ilipita mkononi mwa mama. Bibi anaweza kusaidia katika kila kazi ya malezi, lakini hawezi kuwa sisi. Mtoto anayewaona wazazi wake kwa siku kumi za Desemba anajifunza kwamba wazazi ni wageni wanaoleta pipi. Wakirudi kumchukua, wanamchukua kutoka kwa mama yake. Hatusemi hivyo ili kumhukumu mama aliyelazimika. Wako wasichana waliozaa bila mwenzi, wako wanaofanya kazi viwandani hadi usiku, na mshahara wao haulipi mlezi. Mungu anajua machozi yao. Kwao tunasema tu: piga simu kila jioni, mwache mtoto asikie sauti yako, nenda hata siku moja katikati ya mwaka, na weka siku ya kurudi.

Kuna bibi wengine ambao hakuna mtu wa kuwauliza. Mkoa wa Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikotambuliwa mwaka 1983. Katika miaka iliyofuata, bibi wengi wa huko waliwazika watoto wao, kisha wakageuka na kuwakuta wajukuu wamesimama kando ya kaburi. Hakuna aliyepanga. Yule aliyetazamia kutunzwa akaanza upya kutafuta ada na madaftari. Kwa bibi hao deni la watoto waliokufa haliwezi kudaiwa kwa watoto hao. Limehamia kwetu, yaani kwa kanisa na kwa taifa. Taifa letu lilitunga Sera ya Taifa ya Wazee mwaka 2003. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa pensheni ya kila mwezi wazee wote waliofikisha miaka 70, iwe waliajiriwa au hawakuajiriwa. Kiasi cha mwanzo, shilingi 20,000, kilikuwa kidogo, lakini kilibeba ukweli mkubwa, kwamba mzee aliyelima na kulea maisha yake yote amefanya kazi.

Na usharika je? Tumezoea kumwombea bibi anayelea, kisha tukamwandika katika orodha ya wasiohudhuria. Tungeweza kufanya machache yasiyohitaji bajeti ya dayosisi. Jumuiya ikutane mara moja kwa mwezi nyumbani kwake, tena saa ambayo mtoto ameamka. Vijana wa kipaimara wachote maji na kukata majani ya ng'ombe kwa zamu, nao watajifunza amri ya nne kwa mabega yao. Walimu wa Shule ya Jumapili wamchukue mtoto kwa saa mbili ili bibi aketi ibadani bila kushika mtu. Mchungaji anapombatiza mtoto ambaye anajua atapelekwa mlimani, awaulize wazazi, nyumbani kwao na si madhabahuni, kama bibi ameulizwa. Wazee wa kanisa wanapotembelea nyumba kama hiyo, waombe pia kuona kidaftari cha duka.

Mama yetu sasa amepita miaka themanini. Kijana wake, yule wa kigoda, ni mtu mzima. Mama yake mzazi humwita Mama, na bibi yake humwita Mama wa Mlimani, wala hakuna anayeona wivu. Hupanda mwenyewe kumtazama bila kusubiri Krismasi.

Desemba iliyopita mmoja wa jamaa zetu alikuja na mtoto wa miezi kumi na minane, na begi la nguo zake tulilijua tulipoliona. Safari hii tulimwomba asubiri. Tuliketi sote sebuleni, tukamwuliza mama kama angeweza kumpokea mtoto, kwa muda gani, na angehitaji nini. Alimtazama mtoto, akamshika mkono, akasema, "Hapana. Nampenda, lakini magoti yangu hayawezi tena."

Chumba kilikuwa kimya. Hatukuwahi kumsikia akisema hapana, kwa sababu hatukuwahi kumpa nafasi ya kuisema. Kisha mazungumzo mengine yakaanza, yale yaliyopaswa kuanza zamani: nani kati yetu mjini ana chumba, nani atachangia mlezi, nani atamfuata mtoto jioni mama yake akichelewa kazini. Haikuwa rahisi, na baadhi yetu tulinuna. Lakini ukoo ulikuwa umekaa.

Januari mtoto yule alishuka na mama yake. Bibi aliwasindikiza hadi barabarani akitembea polepole na fimbo yake. Aliweka mkono juu ya kichwa cha mtoto, akambariki, akarudi nyumbani kwake. Jumamosi alfajiri alikwenda jumuiya.

Mungu aliyewapa wazee wetu miaka mingi atupe sisi hekima ya kuwauliza, na moyo wa kulipokea jibu lao.